Ng'ombe wa Mama na Maziwa ya Racho

Bula Pesa,
Isiolo.
9 Februari 1981

Kaka mpendwa Dahir,

Asalaam aleikum. Unaendeleaje huko Mombasa, na kile kifua kilichokusumbua kimetulia? Hapa watoto ni wazima, nami mwili hauna neno, alhamdulillahi. Moyo ndio hauko sawa, na sina mwingine wa kumwambia.

Unajua tangu Mama afariki mimi na majirani zetu Tiya na Racho tunachanganya maziwa katika mkebe mmoja na kuyapeleka hoteli ya chai mjini. Mwezi uliopita yalikatika yakichemshwa, mara tatu. Mwenye hoteli akatuambia tutafute ng'ombe mgonjwa, la sivyo tusirudi.

Kaka, mimi ndiye niliyemtaja Racho. Alikuwa ameleta ng'ombe wawili kutoka Kipsing, na kibuyu chake hakifukizi sana, kwa hiyo ukionja maziwa yake unasikia kila kitu. Changu unakijua, nakifukiza moshi mpaka ndani kinakuwa cheusi tii kama alivyofanya Mama, na watu huyasifu maziwa yangu. Basi tukamtoa Racho. Hakubishana. Juma lile lile akawauzia wachinjaji wale ng'ombe wawili, maana nani angenunua tena maziwa yao?

Maziwa yakaendelea kukatika.

Ndipo nikamwita bwana mifugo, Mmeru mmoja anaitwa Ntongai, mpole ila hana haraka hata kidogo. Alikuja na kisahani chenye vishimo vinne, kila chuchu na shimo lake, akatia dawa kama maji ya sabuni, akakizungusha. Ng'ombe wa Tiya walikuwa safi. Yule wa zamani, mmoja aliyebaki kwa Racho, safi. Alipofika kwa Bilan, ng'ombe wa Mama, maziwa ya chuchu ya nyuma kushoto yakawa mazito kama ute wa yai, ndiyo alama ya ugonjwa wa kiwele. Nikamwambia arudie. Akarudia mara tatu, maskini, bila kuninung'unikia.

"Mama, hii ng'ombe unakamua ya ngapi?" akaniuliza.

"Ya kwanza," nikasema. "Ni ya marehemu mama yangu."

Unakumbuka tulivyofunzwa: Bilan anatangulia, ndiyo adabu. Kumbe kwa adabu hiyo nilitoka kwake na mikono ile ile nikaenda kwa wengine, na sasa wawili wangu wameanza kuvimba kiwele. Maziwa ya Bilan yalikuwa na madonge, lakini ndani ya kibuyu cheusi ningeyaonaje? Maziwa ya kiwele kigonjwa huwa na chumvi, nayo ilifunikwa na moshi niliokuwa najivunia. Aibu iliyonishika sijui niiandikeje.

Siku hizi Bilan namkamua wa mwisho, na maziwa yake namwaga. Alfajiri anakuja mbele akingoja aitwe, nikimpita analia mpaka nimalize wenzake. Nami hulia, nikijua utanicheka.

Nilikwenda kwa Racho, nikamwambia yote mbele ya Tiya. Alinisikiliza hadi mwisho, akanimiminia chai ya rangi. "Nimesikia, Sirad," akasema. "Lakini ng'ombe zangu zilishaliwa."

Ndiyo sababu nakuandikia. Yule mtamba aliyezaliwa na Bilan ni urithi wetu sote wawili, na najua unamhesabu kuwa mwanzo wa kundi lako ukirudi nyumbani. Ntongai amemwangalia, hana ugonjwa. Nataka kumpa Racho. Hawi badala ya wawili, lakini ndiye niliye naye. Usiniambie nifikirie kwanza, kaka, nimefikiria mpaka kichwa kinaniuma. Nakusihi uniandikie neno moja tu, ndiyo.

Nisalimie shemeji Habsa, unibusie watoto. Mzee Abdinur wa dukani anakusalimu, Tiya pia. Mungu akufungulie riziki na akulinde katika kazi yako.

Racho hajawahi kukosa katika barua zangu kwako. Jana nilimwuliza kama ana salamu za kukuletea. Aliendelea kufagia zizi lake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye sana,

Sirad