Suti ya Bluu ya Selina

Jumatatu, 10 Machi

Sweta za shule tangu asubuhi. Viwiko vyote vimetoboka. Watoto wa Sosiot sijui wanaandika au wanatambaa. Stima ilipotea, nikarudi kwa cherehani ya kukanyaga.

Mchana dada yangu Selina alikuja dukani. Hakuketi. Selina huketi kwanza, hutaka chai, hulalamika kuhusu kiti, ndipo aseme kilichomleta. Leo alisimama mlangoni na kikapu mkononi.

"Majibu yametoka," akasema. "Ni kansa ya koo. Daktari wa Bomet anasema imeenda mbali, hakuna kupasua."

Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari. Kisha akatoa kitambaa kwenye kikapu akakiweka juu ya sweta. Krimplini ya bluu, ile nzito ya zamani isiyokunjana. Alikuwa ameiweka sandukuni miaka na miaka, akingoja siku.

"Nishonee suti. Ya Kwini."

Nikasema sawa.  Alipoondoka nilishona kiwiko cha sweta nikakiunganisha na mgongo. Nimefumua.

Jumatano, 12 Machi

Soko lote linaongea jambo moja. Kanisa limetangaza kwamba Jumapili ya Akina Mama, mwezi wa tano, kila mtu aje na mavazi ya ujana wake. Ni wazo la vijana. Wao watavaa ya wazazi wao. Mzee wa duka la dawa za mifugo anatafuta suruali ya bugaluu itakayomtosha kiuno. Mama wa hoteli amechimbua viatu vyake vya raizoni chini ya kitanda, soli zimebanduka. Watu wanacheka wakikumbuka. Maksi. Mini. Afro zilizochanwa mpaka mlango ukawa mdogo.

Shida ni kwamba Selina hakuwahi kuacha kuvaa hivyo. Kwake si zamani. Mama yetu alichuma majani kwenye shamba la wazungu, na bibi wa meneja alikuwa akitupa magazeti ya picha. Selina aliyaokota. Malkia, mabinti wa wafalme, kofia, glavu, mikoba midogo isiyobeba kitu. Alibandika picha ukutani kwa uji wa ngano. Panya wakala uji, nyuso zikaanguka, akabandika tena.

Alipoolewa, miaka ya themanini, alitaka mikono ya puto kama ya maharusi wa kifalme kule Uingereza. Fundi alimsikiliza kupita kiasi. Puto zilikuwa kubwa hata hakuweza kuingia mbele ya pikapu na dereva. Akasafirishwa nyuma, amesimama, akiwapungia watu waliokuwa wanapalilia mahindi. Tangu siku hiyo Belgut yote inamwita Kwini.

Huendi Sosiot Jumapili ukamkosa. Kofia, glavu nyeupe, koti la vifungo. Hata kuchinja kuku anavaa bangili.

Jumamosi, 22 Machi

Nimempima nyumbani kwake. Alinikataza kusoma vipimo kwa sauti. "Tumia vile vya zamani." Niliandika vipya kimyakimya. Vimenitisha.

Joeli, mume wake, alikuwa jikoni anachuja uji kwa kitambaa ili upite. Mzee huyu alikuwa hajui sufuria zinakaa wapi. Sasa anapeleka majani chai kituoni, anarudi, anachuja uji, anaketi nje. Haongei. Namhurumia, na pia ananiudhi. Angepiga kelele hata kidogo.

Jumapili, 6 Aprili

Sketi imemvuka nyonga ikaanguka sakafuni. Tulisimama tukaitazama. Yeye ndiye aliyecheka kwanza.

Nimepunguza pande zote mbili. Nina hasira na sijui ni ya nani.

Jumapili, 13 Aprili

Imeanguka tena. Nimepunguza tena. Leo hakucheka.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Chepkirui amekuja. Ni binti wa pekee wa Selina, anafanya kazi benki Nairobi. Alitaka amchukue mama yake kwa daktari mwingine. Selina alikataa. Alisema huyo mwingine ataangalia koo hili hili.

Basi Chepkirui akanigeukia mimi. Nilikuwa na pini mdomoni.

"Mama mdogo, hiyo nguo unashona ya kanisa ama ya kaburi?"

Nilichomoa pini moja nikabana pindo. 

"Yaani mtu hamezi hata maji, na nyinyi mnapanga fashoni."

Selina aliongea kutoka kitandani. Sauti imekwisha, imebaki hewa tu. "Chepkirui. Mwache fundi wangu."

Msichana alitoka nje akaingia katikati ya majani chai. Kutoka dirishani niliona kichwa tu na mabega yakitikisika. Nilitaka kwenda. Sikwenda. Nilikuwa nafikiri, ana haki. Najua kushona tu. Kama ningejua kitu kingine ningefanya hicho.

Jumatano, 30 Aprili

Kofia. Krimplini inataka kofia ya rangi yake, si yoyote. Joeli alishuka Kericho mwenyewe kuitafuta kwenye mitumba. Alirudi amelowa mpaka ngozi, kofia ameificha ndani ya koti kama kifaranga. Kavu kabisa.

Ilikuwa zambarau.

"Waliniambia ni bluu," akasema.

Selina aliitazama, akaivaa, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na tukamkalisha. Alipopata pumzi alisema, "Hii ni ya askofu." Hakuivua jioni yote. Joeli aliketi karibu naye akimtazama. Sijawahi kumwona akimtazama hivyo, au sikuwa naangalia.

Nimeichukua niifunike kwa bluu. Nilidhani kitambaa hakitatosha. Kimetosha. Kofia nzima imetoka kwenye vipande nilivyompunguza.

Ijumaa, 9 Mei

Kujaribisha mara ya mwisho. Koti limekaa vizuri na hilo ndilo baya. Ni koti la msichana wa darasa la saba. Nilileta kioo kikubwa cha dukani kwa pikipiki, akajiangalia muda mrefu.

"Tabitha," akasema. "Niweke mwili."

Sikuelewa. Akashika nyonga zake, pale zilipokuwa. "Hapa. Na hapa. Si unajua nilivyokuwa."

Najua. Nimemshonea tangu tulipokuwa wasichana. Nimekata sponji za mabega, zile ambazo zamani hatukuvaa blauzi bila kuziweka, na nikafumua mishono yote, nikaunga pembeni kitambaa kilichobaki. Nikaweka sponji mabegani, nyongani, kifuani. Bitana mbili. Nikamjenga upya kutoka ndani.

Kichwa chake kilitoka juu ya kola kama cha mtu aliyeazima mwili. Alipendezwa. Aligeuka, akageuka tena.

Nililia njiani nikirudi. Mwenye pikipiki alidhani ni upepo.

Jumapili, 11 Mei

Siku yenyewe.

Niandike yote kama yalivyokuwa. Kanisa lilijaa. Bugaluu, raizoni, miwani mikubwa. Kijana mmoja alivaa gauni la marehemu nyanya yake na kitambaa kichwani, watu wakafa kwa kicheko. Mchungaji alivaa suti ya safari yenye mikono mifupi. Kijana wa kipaza sauti alikuwa anaita watu mmoja mmoja wapite katikati, na muziki. Ilikuwa furaha. Sisemi haikuwa.

Selina alisubiri nje kwenye gari la jirani. Hakutaka kuonekana mapema. Alipoitwa alishuka, akaniambia nisimshike. Joeli alisimama upande wa wanaume, kofia yake mikononi. Selina akaingia.

Bluu yote. Kofia, koti, sketi, glavu, mkoba. Alitembea polepole, na kwa vile alitembea hivyo siku zote, hakuna aliyeshangaa. Wamama wakasimama. Vigelegele.

Kijana wa kipaza sauti, sijui kama alijua, nafikiri hakujua, akasema, "Eeh! Kwini wetu! Jameni angalieni hiyo shingo, Kwini amekuwa modo! Kwini, tuambie siri ya dayati!"

Kanisa likacheka. Waliojua walinyamaza, lakini waliojua walikuwa wachache. Yeye hakutaka watu wajue.

Nilimwona akisimama. Nikafikiri anaanguka. Hapana. Aliinua mkono wenye glavu, akaugeuza kidogo hivi na hivi, jinsi wanavyofanya wakiwa kwenye roshani zao. Akatabasamu. Kanisa likapiga makofi mpaka mabati yakalia. Simu zote juu.

Akafika mbele, akaketi, na hakuweza kuinuka tena. Hakuna aliyegundua mpaka ibada ilipoisha. Mimi na Joeli tulimbeba kupitia mlango wa nyuma. Hakuwa na uzito wowote. Tulibeba sponji na krimplini.

Kwenye gari alisema, "Walicheka?"

Joeli alikuwa wa kwanza kujibu. "Walipiga makofi."

"Na kucheka?"

"Makofi yalikuwa mengi," Joeli akasema.

Jumatano, 14 Mei

Picha yake inazunguka kwenye simu. Sijui nani aliiweka. Chepkirui alinionyesha, amechukua likizo, yuko hapa sasa. Watu wa Mombasa, watu wa Marekani, hawamjui hata mmoja. Wanaandika kwamba zamani watu walijua kuvaa. Wanaandika kwamba siku hizi hakuna heshima ya nguo. Mmoja ameuliza huyu shosho anakula nini abaki hivyo, anataka naye.

Chepkirui alitaka kuwajibu. Aliandika, akafuta, akaandika. Mwishowe akazima simu akaiweka chini ya mto.

Selina hatuambii kama anasikia. Midomo imekauka. Tunailowesha kwa pamba.

Alhamisi, 22 Mei

Hakuna la kuandika. Mvua. Hatambui mchana.

Jumatatu, 26 Mei

Selina amekufa asubuhi. Joeli alikuwa amekwenda kituoni na majani. Tulimshika mkono mimi na Chepkirui. 

Jumatano, 28 Mei

Kikao cha matanga. Nilipeleka suti, imepigwa pasi, imefunikwa kwa shuka nyeupe. Aliniomba, nilisema mbele ya wote. Aliniomba kwa mdomo wake, wiki ile ya mwisho akiwa bado anaweza kuongea, kwamba azikwe nayo.

Shemeji yake mkubwa, kaka wa Joeli, alisema atavaa sare ya akina mama wa kanisa. Kitambaa cheupe, gauni la kanisa. Wamama wenzake wakaafiki. Walisema hakuna malkia kaburini. Walisema mavazi ya mbwembwe yamepita, sasa ni mambo ya Mungu. Walisema kwa upole, na upole wao ndio ulionimaliza.

Nilimtazama Joeli. Alifungua mdomo. "Mimi ningependa..." akasema. Kaka yake akamwekea mkono begani, akamwambia apumzike, wao watashughulikia. Akapumzika. Ameishi na Kwini miaka yote hiyo na hakujifunza kukataa.

Nikasema tena. Mmoja wa wazee akaniambia, bila ubaya, "Mama, wewe ni wa kwao. Hapa ni kwa Joeli."

Nikarudi nyumbani na suti yangu mkononi.

Ijumaa, 30 Mei

Tumemzika. Matope mpaka kwenye vifundo.

Kwenye karatasi za ibada na kwenye bango kubwa la barabarani waliweka picha ile ya kanisani. Bluu, kofia, mkono juu. Hawakuwa na nyingine nzuri zaidi, walisema. Ndani ya sanduku alikuwa amevaa sare, kitambaa kimefungwa vibaya, fundo limekuja mbele. Sikulifunga upya. Foleni ilikuwa inasukuma.

Wasichana fulani wa chuo walipiga picha karibu na bango.

Kijana wa kipaza sauti alikuja kwangu baada ya kaburi kufunikwa. Amekonda kwa aibu. "Mama, sikujua. Wallahi, kwa jina la Yesu, sikujua."

Nilimwambia najua hukujua. Ni kweli. Haikumsaidia, wala haikunisaidia.

Jumatatu, 2 Juni

Chepkirui amerudi Nairobi. Aliomba suti, nikampa. Alitoa sponji zote kwanza, akaziacha kwenye meza yangu. Alisema hataki kubeba zile. Hakuomba msamaha kwa maneno ya Ijumaa Kuu na sikutaka aombe.

Nimepita kwa Joeli. Alikuwa ameketi jikoni. Alikuwa amepika uji mwepesi, akauchuja, ndipo akakumbuka. Tulikunywa huo.

Jumanne, 10 Juni

Baridi. Ukungu haujaondoka kwenye majani chai siku nzima. Sweta zimeanza kurudi.

Msichana wa chuo cha ualimu alikuja kutaka gauni la kizamani la kuvaa kwenye mahafali, mikono mipana, kiuno kimebana. Nimempima. Mzima, mnene kidogo, anacheka ukimgusa kwapa. Ameniuliza kama zamani ilikuwa hivi kweli, watu wakipendeza hivyo kila siku. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia arudi wiki ijayo.

Alipoondoka nilifunga mlango upande mmoja, nikawasha stovu, nikapika chai ya maziwa. Niliinywa nimesimama. Ilikuwa moto sana. Ilishuka kooni bila shida yoyote.