Masanja, Mama Yako Nimemchukua Mimi

Masanja, mtani wangu, mla michembe ya viazi usiyeshiba,

Pole na huko uliko. Sijui huko watu hupeana pole ya nini, lakini sisi Wazaramo hatuanzi neno bila salamu, hata kwa Msukuma. Nakuandikia nikiwa kwenye veranda ya hospitali. Mgonjwa nitakuambia ni nani, usiniharakishe. Naandika kwa sababu watu wanasema hujafa. Wanasema mama yako amekuficha, unamlimia, na wapo waliotaka kumkata panga kwa ajili hiyo. Mimi nilikuzika kwa mikono hii, kwa hiyo nina haki ya kukuuliza.

Unakumbuka ulivyoanza? Mlipohamishiwa kijiji kipya kando ya ule msitu, wazee walisema hapo watu waliondolewa zamani kwa sababu ya mbung'o. Wewe ukacheka. Ukasema msitu usiorinwa miaka yote hiyo una asali ya kuogea. Kweli ulikuwa nayo. Kila siku ya gulio ulikuja Katoro na debe nyuma ya baiskeli, unashusha barazani kwangu kabla hata ya kwenda sokoni, na mgongoni umebeba abiria. Nzi wale wa kijivu, kimya, mabawa yamelaliana kama mkasi uliofungwa. Walikuwa wanapenda ile shati yako ya kaniki. Nilikuwa nawapiga kwa rula, hawafi mpaka uwakanyage.

Siku hizo ulinisimulia habari za pongo mmoja, swala wa vichakani. Ulisema adhuhuri, saa ambayo hata ndege wamenyamaza, ukiwa juu ya mti unatazama chini, anakuwepo. Hakimbii moshi, hakimbii mtu. Nzi wamemjaa masikioni na hatikisi hata sikio. Ulisema, "Kondo, yule mnyama ananisubiri nishuke." Nikakwambia mnyama gani amsubiri Msukuma, labda ana njaa ya michembe. Tukacheka, lakini uliangalia nyuma, njia uliyotokea.

Halafu likaja lile jipu la begani lisilo na mdomo. Halafu kichwa. Halafu usingizi.

Hapo ndipo utani ulipotuponza, Masanja. Miaka yote ulikuwa ukiniambia Mzaramo kazi yake kulala na kula nazi. Sasa unakuja dukani mchana kweupe, unajilaza juu ya robota la kitambaa cha marekani, mdomo wazi. Soko zima lilijua unaniigiza. Watu walikuja kukutazama wakishika mbavu. Ukaamka ukanitukana tusi ambalo hata mtani halisemi, nao wakapiga makofi. Ukachukua mkasi wangu ukaondoka nao, wakasema leo Mzaramo amepatikana. Kwetu sisi watani mtu anaweza kuugua mbele ya macho ya watu wote nao wakamtunza kwa kicheko, kwa kuwa mtani wake yupo karibu. Mahali pengine wangekushika mkono.

Nyumbani kwako hakuna aliyecheka. Mkeo alisema unasimama na tonge mbele ya mdomo, unasahau kulila. Usiku hulali, mchana huamki. Asubuhi unakutwa shambani kwa mama yako, miguu ina tope mpaka magotini, na ukiulizwa ulikuwa wapi unasema, "Nilikuwa kazini." Neno hilo ndilo lililowasha moto. Mdogo wako Shija akalisikia, akalisema kilabuni, na kabla jua halijazama kijiji kizima kikajua wewe ni itunga, mtu aliyechukuliwa na mchawi, analimishwa usiku na mchana anabaki gogo. Na shamba la nani? La mama yako. Na macho ya nani mekundu kama ya mchawi? Ya mama yako, mwanamke aliyepikia moto wa kinyesi cha ng'ombe, na moshi wake, tangu yuko kigoli. Wakakupeleka kwa mganga, wakakuchanja. Hospitali walikufikisha ukiwa hujui hata jina lako.

Siku ya maziko nilimwona mama yako amekaa peke yake mbali, hakuna mwanamke aliyemsogelea. Alikuletea maji ya kukuoshea, wakayamwaga. Shija alikuwa na vijana wenzake nyuma ya zizi, wananong'ona, na panga hazikuwa za kuchimbia kaburi. Nikaogopa, ndugu yangu. Mimi mgeni, fundi cherehani, nitafanya nini?

Nikafanya kazi ya mtani. Nikaruka nikaingia kaburini, nikajinyoosha chali, nikasema Msukuma huyu hazikwi mpaka nilipwe. Kwa kuwa ndiyo desturi, wakatabasamu hata waliokuwa wanalia. Wakaleta kuku. Nikamkataa. Wakaleta mbuzi, nikasema mbuzi wa Kisukuma ni mifupa mitupu. Udongo ulikuwa wa baridi mgongoni mwangu na juu naona kipande cha mbingu tu na vichwa vinavyonichungulia, na nakwambia ukweli, kwa muda kidogo nilihisi kuna mtu amelala pembeni yangu. Sikugeuka. Nikasema, "Nataka mama yake. Anipikie Katoro mpaka nichoke." Kicheko kikakatika. Baba yako mdogo alijua nilichokuwa nafanya, nilimwona usoni. Akasema mtani akidai hanyimwi, mpeni. Shija akatema mate chini, lakini mbele ya maiti akapisha njia. Tukakufukia, nikamtoa mama yako hapo hapo kwa baiskeli, na kitenge alichokuwa amevaa.

Nyumbani kwangu mke wangu, Mama Zainabu, alimpokea vizuri. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo mayu," kama mnavyowaita mama zenu, naye akaitikia. Kila chakula alichopika alikionja kwanza yeye, mbele yetu, sahani ile ile. Nilielewa kwa nini. Alikuwa anatuonyesha hakuweka dawa ndani.

Halafu maneno yakaanza kuja sokoni. Masanja ameonekana. Mrina asali mmoja amekuona mizingani, mwingine ameona moshi wako. Wa mwisho alikuwa Shija. Yeye alikuona adhuhuri, umesimama chini ya mti wenye mizinga yako, na shati ya kaniki, nzi wamekujaa shingoni na hupungi mkono. Alikuita, ukamwangalia tu. Akaenda kesho yake, ukawepo. Akasema mchawi anakulimisha hata akiwa mbali, na dawa ni moja.

Alikuja Katoro mchana, panga imefungwa kwenye gunia. Mama yako alikuwa barazani anachambua maharage, mimi niko kwenye cherehani. Nikazidi kukanyaga cherehani, na hapakuwa na kitambaa chini ya sindano. Shija akasema, "Mayu, mtoe kaka." Mama yako akaendelea kuchambua. Shija akakaa kwenye kiti cha wateja, panga magotini, akasema atangoja. Jua lilikuwa kali, mtaa mtupu. Tukakaa hivyo watatu. Na katikati ya kungoja, Masanja, kichwa chake kikaanguka kifuani, mdomo ukafunguka, akalala. Panga ikateleza ikalia sakafuni na hakushtuka.

Nilidhani mama yako atakimbia. Aliweka ungo chini, akaenda akamfunua kola. Jipu lisilo na mdomo lilikuwa shingoni. Akaligusa kwa kidole, akanitazama kwa yale macho yake mekundu, akasema, "Ndio usingizi ule ule. Fundi, huyu sitampeleka kwa mganga." Tukamfunga kwa kamba juu ya lori la pamba, mama yake amemshika kichwa.

Daktari alitueleza. Ni malale. Vijidudu vinakaa ndani ya damu ya pongo na wanyama wengine wa msitu, nao hawaugui. Mbung'o anamnyonya mnyama, kisha anamnyonya mtu. Kuona vitu ni ugonjwa huo huo ukishapanda kichwani. Nikaelewa Shija aliona nini. Lakini juzi nilimsindikiza mtu wa idara ya mbung'o tukashushe mizinga yako, na ilipofika adhuhuri ndege wakanyamaza kama ulivyosema. Pongo alikuwa chini ya ule mti. Mnene, manyoya yanang'aa, anatafuna polepole, masikio meusi kwa nzi. Mnyama mzima kabisa, na ndani yake umo wewe na yumo mdogo wako. Alituangalia, hakuondoka mpaka sisi tulipoondoka. Hilo daktari hakunifasiria, nami sikumuuliza.

Shija wanamchoma sindano inayounguza mishipa, analia kama mtoto. Wiki nzima alikataa chakula cha mama yako. Muuguzi akileta anakula, mama akileta anageuza uso ukutani. Mama haonyeshi kitu, anabeba bakuli anarudi nalo, kesho anapika tena. Leo asubuhi alikaa kitandani, akaonja uji kwanza yeye, mbele yake, kama anavyofanya kwangu. Shija akamshika mkono, akamnyang'anya kijiko, akasema, "Usionje, mayu. Nipe hivyo hivyo." Akanywa mpaka mwisho. Mama yako akatoka nje kwenye veranda hii, akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu ufe.

Basi, Masanja. Kijijini hawajaelewa wote, na wanaosema wamekuona bado wapo. Ninakuahidi mama yako hataguswa mradi mimi na Mama Zainabu tuna pumzi, na siku akifa atazikwa na watu, na maji ya kumwoshea hakuna atakayeyamwaga. Na wewe, kama kweli ni wewe unayesimama kule adhuhuri, toka chini ya mti huo. Hakuna anayekulimisha. Kwaheri, mtani wangu.

Kondo, fundi wako.