Kiatu Chenye Manyoya Pande Mbili

Jumatatu, 7 Julai

Baridi tena. Patasi inauma vidole. Mwaka wa tatu nachonga mawe hapa Kianjai, huku mlimani, na mwili bado haujakubali. Mawe ya huku ni meusi, magumu. Si kama ya kwetu Pate.

Kendi, anayetuuzia uji, alifika saa nne. Akanimiminia wa kwanza, wenzangu wakacheka. Jumapili anataka niende kwao nijitambulishe kama mchumba. Baba yake alikufa, anayeamua ni nyanya yake. Naogopa. Nina miaka arobaini na moja, shule niliachia darasa la sita, na mimi ni Mwislamu. Nyanya ni mtu wa kanisa. Vita vitakuwa hapo.

Alhamisi, 10 Julai

Msimamizi wetu, Kinoti, atasimama kama mzee wangu. Jamaa zangu wako mbali, siku mbili za safari. Amenifundisha: asali, bunda la miraa lililofungwa kwa majani ya mgomba, heshima, maneno machache. Majibu ya dini nimeyakariri yote. Kendi kanisani kwake, mimi msikitini kwangu.

Nimefua kikoi chekundu alichonipa mama. Sina nguo nyingine nzuri.

Jumapili, 13 Julai



Tulifika watu wakitoka ibadani. Nyanya ni mdogo, mkavu, jicho kali. Alikitazama kikoi changu muda mrefu. Nikadhani ni uzee. Akapokea asali. Akauliza kwetu ni wapi, Kendi akatafsiri.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nilitaka nionekane mtu. Nikasema kwetu ni kisiwani, wazee wangu walikuwa watawala, watu wa bara walikuwa wakiwapigia magoti. Nikatoa simu nikawaonyesha picha ya magofu, ukuta wa jumba la mfalme. Sijui hata kama mfalme huyo ni wa ukoo wangu. Mama hulima tumbaku ndani ya jumba hilo, basi.

Kendi alitafsiri nusu, akakwama. Nyanya hakuhitaji nusu ya pili. Alisema maneno mawili tu, mara mbili. Nguo Ntune. Kisha akausukuma mtungi wa asali kwa mguu mpaka ukanigusa goti.

Ya dini hakuuliza.

Jumatatu, 14 Julai

Kinoti alinifokea mbele ya wote.

"Wewe mtu wa Pwani, nilikuambia maneno machache! Nani alikutuma ulete wafalme?"

Halafu akanieleza. Nguo Ntune ni Nguo Nyekundu. Wazee wa watu wa huku walikuwa watumwa kisiwani, chini ya watu waliovaa nyekundu. Mtawala akawapa kazi zisizowezekana, wakishindwa wafe. Mojawapo ilikuwa kiatu chenye manyoya juu na chini. Mwishowe wakatoroka, maji yakawapisha, wakatembea mpaka huku. Mtoto wa hapa husikia hayo kabla hajajua kuhesabu.

Nikauliza ilikuwa lini. Hajui. Kisiwa gani? Wasomi wanabishana, alisema, wengine wanasema ni kwenu, wengine wanakataa. "Lakini nyanya habishani na wasomi."

Sijawahi kushtuka hivi. Kwetu hakuna anayetaja jambo hilo. Ufalme wetu umebaki ukuta wa kupandwa na mbuzi. Mvua inaula. Choo chetu nilikijenga kwa mawe yake. Huku juu mlimani kuna mwanamke anayeukimbia ufalme huo mpaka leo. Tuliambiwa habari za pembe za ndovu na sahani za Uchina. Hatukuambiwa nani aliyezibeba.

Jumatano, 16 Julai

Uji umeletwa na mwanamke mwingine. Sikunywa.

Ijumaa, 18 Julai

Kendi alikuja. Nyanya ametuma neno. Nikimtaka mjukuu wake, Jumapili nimpelekee kiatu chenye manyoya pande mbili.

Nilimwomba Kendi anisaidie. Amekatazwa kutaja jibu. 

Nilikasirika. Ngozi ina manyoya upande mmoja, Mungu ndivyo alivyoiumba. Baada ya kazi nikashona vipande viwili vya ngozi ya mbuzi, mgongo kwa mgongo. Kinoti alivitenganisha kwa kidole akaona uzi.

"Kwa hii, wazee wetu wangechinjwa."

Nimeitupa.

Jumamosi, 19 Julai

Nilikwenda sokoni, kwa muuza nyama. Foleni ilikuwa ndefu. Nilitaka kumnong'oneza, akasema sema kwa sauti, bwana, hapa hakuna siri. Nikasema. Natafuta ngozi yenye manyoya pande zote mbili.

Foleni yote ikageuka. Kisha mama mmoja akaniuliza mimi ndiye yule mtu wa kikoi. Nikakubali. Wakacheka mpaka muuza nyama akaweka kisu chini.

"Walitupatia mtihani wao, leo wanakuja kuuliza majibu!" akasema.

Nilisimama pale nikachekwa. Sikuwa na pa kwenda. Waliponyamaza, muuza nyama alichukua ngozi ya ndama, akaishika ile sehemu ya shingo inayoning'inia. Imejikunja yenyewe. Manyoya huku, manyoya huku. Foleni nzima ilikuwa inajua. Hata mtoto wa nasari anajua, alisema yule mama. Kisha akanionyesha kwa kidole pa kukata, nisiiharibu.

Nimeikata kwa kipimo cha wayo wangu. Nimetoboa matundu kwa msumari, nimepitisha kamba.

Jumapili, 20 Julai

Nilivaa suruali ya kazi, safi. Mtungi wa asali ni ule ule.

Nyanya alikigeuza kiatu, akakinusa. Kinanuka, ngozi bado mbichi. Akakivaa. Kikubwa mno kwake. Akauliza kupitia Kendi nani aliyenipa jibu. Nikasema muuza nyama, na kila mtu aliyekuwa kwenye foleni, na walinicheka sana. Alitaka kujua walinicheka kiasi gani. Nikamwambia.

Ndipo akauliza habari ya dini. Majibu niliyokariri yalikuwa yamenitoka yote. Nikasema sijui, tutaulizana.

Akatikisa mguu, kiatu kikining'inia. Kisha akauvuta mtungi wa asali upande wake.