Mkeka Mweupe wa Juu ya Kabati

Diani, 4 Februari 2024

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. U hali gani? Goti je, limetulia? Nisalimie kaka na wifi yangu Mwanarusi. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Mashuka ya hoteli yananiandama mchana kutwa, na nikitoka kwenye mashuka masomo nayo yananingoja.

Nimeandika barua kwa sababu simu ukiipokea wewe waiweka sauti ya juu, mtaa mzima unasikia. Nimefika mwaka wa mwisho wa kozi yangu ya mtandaoni, ile ya sanaa za dunia na turathi. Nimesoma sanamu za Wagiriki, vinyago vya Kongo na vyungu vya Wajapani. Sasa chuo kinataka kila mwanafunzi aeleze kitu cha kwao mbele ya walimu. Nisipofaulu hapo sihitimu, na miaka yote hii imekwenda na maji. Mimi nimechagua mkeka wangu wa harusi, ule unaoninyima hata kuuona. Naomba picha tu, Mama.

Mwanao,
Yusra

Majoreni, 9 Februari 2024

Mwanangu Yusra,

Waaleikum salaam. Marahaba, mwanangu. Sote wazima. Goti liko palepale, tumezoeana. Barua yako Abdulaziz kanipa ikinuka samaki wake anaowapeleka huko mahotelini, lakini imesomeka.

Hebu tusikizane. Umesoma masanamu ya watu uchi, nikanyamaza. Majirani waliniuliza unasomea nini, nikawaambia mambo ya kompyuta. Leo wataka nikukunjulie mkeka? Mkeka wa harusi katika nyumba yetu haukunjuliwi kabla ya siku yake. Wangu bibi yako alinificha, nami nakuficha wako. Hata pindo la mwisho sijalishona, maana hilo hushonwa alfajiri, siku yenyewe ikikaribia. Lete mchumba kwanza, uone kama sitaukunjua.

Nimekutumia muhogo na papa mkavu. Usile vyakula vya makopo.

Mamako

Diani, 2 Mei 2024

Mama mpenzi,

Assalaam aleikum. Shikamoo. Natumai mzima, na goti pia. Mimi niko juu ya mawingu!

Kabla sijaeleza, tafadhali usimgombeze Mwanarusi. Ni mimi niliyemsumbua. Ulipokwenda matangani Vanga alipanda kiti akaupiga picha ule mkeka ulio juu ya kabati. Hakuukunjua wote, alifungua upande tu, kwa hivyo mwiko haukuvunjika sana.

Mama, una mikono wewe! Ukili mwembamba hivyo, umesukwa sawasawa, na wote mweupe, hauna rangi hata chembe. Nimeandika kurasa na kurasa juu ya weupe huo. Nimesema bi harusi wa kwetu huanza maisha mapya akiwa safi, ndiyo maana mkeka wake hautiwi rangi. Mwalimu wangu, Dokta Kalekye, amesema darasani hajapata kazi nzuri kuliko hiyo. Tarehe thelathini nitaieleza mbele ya walimu wote, na nikipita hapo nimehitimu.

Mwanao mwenye furaha,
Yusra

Majoreni, 5 Mei 2024

Yusra,

Salamu baadaye.

Weye mtoto weye! Mkeka wako wa harusi una rangi nyekundu na zambarau, na umo sandukuni, na ufunguo ninao mimi. Ule wa juu ya kabati ni wangu. Ndio nitakaolazwa juu yake siku nitakayokufa.

Babako alipofariki nyumba hii haikuwa na mkeka wa maana, akalazwa juu ya mkeka wa kuazima. Mimi msusi, mume wangu mkeka wa kuazima! Lile linaniuma hata leo. Eda ilipokwisha nikakaa nikajisukia wangu. Sikuutia rangi kwa sababu aliyekufa hana wa kujipambia. Basi umewashikia wasomi mkeka wa mazishi ukawaambia bi harusi, bi harusi. Astaghfirullah! Nilicheka mpaka Mwanarusi akadhani nalia, kisha nikalia kweli.

Sijamgombeza. Nimemnyima kahawa tu.

Mamako

Diani, 8 Mei 2024

Mama,

Assalaam aleikum. Shikamoo.

Barua yako niliisomea kwenye chumba cha kufulia, nikakaa chini juu ya mashuka machafu. Si kwa ajili ya masomo. Ni kwamba siku zote nilipokuja nyumbani nilikuwa nalala kando ya kabati lile, na sikujua. Sipendi kufikiria siku hiyo, Mama. Nimelia sana.

Halafu nikampigia Dokta Kalekye nikamwambia ukweli. Akasema, "Yusra, umekieleza kitu bila kumuuliza mwenyewe. Hivyo hivyo ndivyo walivyofanya waliobeba vitu vya mababu zetu, wakavibandikia vibao huko walikovipeleka." Maneno yale yalinichoma, lakini ni kweli tupu. Alama zote amezifuta. Nafasi iliyobaki ni ileile ya tarehe thelathini, na sharti ni moja: aliyeusuka aueleze mwenyewe, na awe ameridhia.

Mkeka wa harusi siuombi tena. Naomba uueleze huu mweupe. Ukikataa, sitahitimu mwaka huu, nami sitakuwa na kinyongo. Ni wako.

Mwanao,
Yusra

Diani, 20 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Leo tena Abdulaziz ameleta samaki bila barua. Nikimuuliza anasema amekuta mlango umerudishwa, na wewe uko ndani. Umenikasirikia? Niambie hata kama ni matusi.

Yusra

Majoreni, 24 Mei 2024

Mwanangu Yusra,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, acha mashaka. Sijakukasirikia.

Niliushusha ule mkeka nikaukunjua chumbani peke yangu. Nilikuwa sijautazama tangu nilipoumaliza, niliuogopa. Nikakuta ukingo mmoja umegugunwa na panya, mwana haramu yule! Ndiyo sababu ya mlango kufungwa, nilikuwa naushona. Nilipokuwa nashona nikasema, Yusra kaniomba ruhusa, na hakuna mtu aliyewahi kuniomba ruhusa juu ya kazi ya mikono hii. Wanunuzi hupatana bei wakaenda zao.

Waambie waalimu wako nitakuja kwenye simu ya Mwanarusi. Ila asinikate mtu kauli, na wewe usinisemee.

Mamako

Diani, 1 Juni 2024

Mama! Mama yangu!

Assalaam aleikum na shikamoo elfu. NIMEFAULU!

Wewe ulipozima simu uliondoka kama umetoka sokoni, hukujua nyuma kumetokea nini. Yule mwalimu wa Brazili, aliyekuuliza kupitia mkalimani umejuaje kama mkeka umekwisha, alikuwa anafuta macho. Ulimjibu, "Mkeka umekwisha, baba. Mimi ndiye sijakwisha." Walicheka wote. Mwishowe Dokta Kalekye akaniambia, "Leo umefanya kazi ya turathi. Umeuliza, kisha umekaa kimya." Wamenipa daraja la kwanza, Mama. Mimi, wa mashuka!

Mahafali ni Novemba, Mombasa. Nataka uwe mbele kabisa.

Mwanao,
Yusra

Majoreni, 21 Novemba 2024

Mwanangu Yusra,

Waaleikum salaam. Goti leo sijalisikia kabisa. Barua hii itakufika kabla yangu, kesho kutwa tutakuwa sote Mombasa kwenye mahafali yako inshallah, mimi na kaka yako na Mwanarusi. Majirani wameuliza tena unasomea nini. Nimewaeleza mpaka wakachoka.

Sasa nisikize. Alfajiri ya leo, baada ya kuswali, nilifungua sanduku nikaushona mkeka wako pindo la mwisho. Mwanarusi akashtuka, "Mama, kwani Yusra ameposwa?" Nikamwambia hapana, lakini siku yake imefika. Tukapiga vigelegele wawili, mpaka majirani wakaja kuuliza bi harusi ni nani.

Nakuja nao. Nitaukunjua hapo uwanjani, utavua viatu, usimame juu yake na joho lako ndipo upigwe picha. Atakayeuliza nitamweleza mimi mwenyewe. Ukija kuolewa nitakusukia mwingine, mikono ningali nayo.

Ule mweupe nimeurudisha juu ya kabati. Hauna haraka.

Mamako