Jina la Mbwa wa Tano

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji na wanangu. Natumaini mafua yaliyokulaza mwezi uliopita yamekwisha, na goti la shemeji limepata nafuu. Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nashiba, na ile sketi uliyonishonea imeanza kunibana.

Katika barua yako uliniuliza kama ni kweli kazi yangu ni kucheza na mbwa. Sichezi nao, dada. Nawafundisha kutafuta watu walionaswa kwenye majengo yaliyoanguka. Nilipofika kituoni niliwakuta madume wana majina ya vitisho, Radi, Kifaru na mengine ya namna hiyo. Majike watano walikuwa na namba tu, zimepakwa rangi kwenye bakuli zao. Mkuu wetu, mwanajeshi mstaafu tunayemwita Afande, aliniambia majike ni wa kuzaa, si wa kazi. Nikamwomba niwape majina. Akacheka kidogo, akasema, "Jina halimtoi mtu kifusini." Lakini hakunikatalia, nami nikahesabu kwamba asiyekataa amekubali.

Jina la mbwa lina masharti yake. Liwe fupi, lisikike mbali, na lisifanane na amri. Mpishi wetu alidharau hilo la mwisho, akamwita mmoja Keti, na kila tulipomwita aje, akakaa chini. Siku tatu tulihangaika naye. Nikambadilisha jina, nikamwita Subira, neno tulilolipata kwa Waarabu, kwa kuwa hagusi bakuli mpaka aambiwe, hata udenda umtiririke vipi. Wa pili ni Tausi. Jina hilo limepita lugha nyingi kabla ya kutufikia sisi, na mwenyewe hutembea kama uwanja wote ni wake. Wa tatu ni Shani, yaani jambo la nadra, maana sikio lake moja limesimama na jingine limelala. Wa nne ni Sikujua. Hilo halikutoka mbali, ni sentensi yetu wenyewe. Afande alimchukua akidhani ni dume, na alipoulizwa, hilo ndilo jibu alilotoa. Kituo kizima hulitaja jina hilo kwa furaha, isipokuwa yeye.

Wa tano alinishinda. Ni mweusi, mfupi, hana mbwembwe. Nilijaribu Johari, nikajaribu Nyota, hakugeuza hata shingo.

Jumanne iliyopita asubuhi, ukuta wa ghala la saruji ulianguka ukamfunika mpakizi mmoja. Tulipeleka madume kwanza. Walizunguka, wakabweka huku na kule, vumbi likawachosha. Msimamizi wa ghala akasema labda yule mtu alishatoka kabla, na tingatinga likawashwa ili kifusi kiondolewe. Sikumwuliza mtu. Nilimshusha yule wa tano garini, akazunguka mara moja tu, kisha akaenda kwenye kona moja, akaanza kuparua. Nilipomwita hakurudi. Dereva wa tingatinga akapiga honi, naye hakusogea. Afande akaniamuru nimtoe, nikavuta kamba kwa nguvu zangu zote, mbwa akakaza miguu yote minne, akaniangalia.

Nikaiachia kamba, nikaenda kusimama kando yake, mbele ya mashine.

"Zima," nikamwambia dereva. "Hapa kuna mtu."

Tulichimba kwa mikono karibu saa nzima, mpaka tukasikia kikohozi. Mpakizi alitoka na mguu umevunjika, lakini yu hai, na mkewe alikuwa pale pale akimsubiri. Afande alifuta vumbi usoni, akatoa daftari lake la taarifa, na kwa mara ya kwanza hakuuliza namba. Akasema, "Huyu anaitwa nani?"

Nikamjibu kabla sijafikiri: "Nanga."

Ndiyo, dada. Jina lako la utani. Nasikia neno lenyewe lililetwa na mabaharia Waajemi, lakini wewe na mimi tunajua lilivyoingia kwetu. Ni ile siku baada ya mazishi ya mama, shangazi alipokuja kunichukua. Mkono wako mmoja ulinishika, wa pili ulishika fremu ya mlango, na watu wazima watatu hawakuweza kukubandua. Shangazi akasema msichana huyu ni nanga, akaondoka zake, jina likabaki. Miaka yote umekuwa ukisimulia kwamba tulishikana. Dada, mimi nilikuwa nimeachia. Shangazi alinionyesha viatu vyekundu ndani ya mkoba wake, nami nilitaka kwenda. Aliyeshika ni wewe peke yako. Nimelificha hili tangu nina miaka sita, na nilipoivuta ile kamba Jumanne, niliiona mikono yako.

Najua kumfananisha mtu na mbwa ni tusi, na mbwa jike ni tusi mara mbili. Ukikasirika, una haki. Lakini jina silibadilishi. Mbwa ameshaanza kuliitikia, na gazeti litaliandika wiki hii katika habari ya yule mpakizi, ndiyo maana nimewahi kukuandikia. Sikukushusha. Nilitafuta neno kubwa kuliko yote niliyonayo, nikakuta ni lako.

Nisalimie shemeji, nibusie wanangu. Wakiuliza barua inasema nini, wasomee yote, hata pale kwenye viatu.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hukumwachia.