Karatasi Aliyosaini Gaudensia Asubuhi

Zulfa, uko hewani? Gaudensia yuko hapa pembeni yangu, kaniomba nikueleze mimi.

Ile bahati nasibu ya kikundi, ya kuezeka zahanati, imechezeshwa leo hapa Tumati. Zawadi yenyewe, yule ng'ombe mtamba, kaenda kwa Evarist. Evarist, shemeji yake mwenyekiti. Yaani Evarist.

Gaudensia alikuwa hamwelewi mwenyekiti tangu mwanzo. Tiketi zote zilikunjwa mara mbili, hiyo moja iliyoshinda ikakunjwa mara nne. Na kibali cha bahati nasibu kinataka tiketi itolewe na mtu wa nje ya kikundi, lakini mwenyekiti kaingiza mkono kikapuni mwenyewe.

Gaudensia akasimama. Unajua alivyo mpole, ila leo alisimama. "Shikamoo mwenyekiti. Mimi ndiye katibu na kibali nimekisoma. Ndugu wa viongozi hawaruhusiwi kushinda."

Mwenyekiti wala hakupandisha sauti. "Marahaba. Si wewe katibu uliyesaini taarifa kwamba droo ilikuwa halali?"

Alisaini asubuhi, Zulfa. Asubuhi, kabla ya droo. Aliambiwa bodaboda anaiwahisha Mbulu, ofisi iliyotoa kibali, kabla hawajafunga, akasaini ukurasa wa mwisho bila kusoma kurasa za mbele.

Akaomba kuiona. Mwenyekiti akampa nakala, anatabasamu.

Jina la Evarist limechapwa kwa kompyuta kama mshindi, pamoja na namba ya tiketi. Tiketi iliyotoka kikapuni robo saa tu iliyopita.

Na mahali pa saini za viongozi kuna saini moja. Ya Gaudensia.