Kikao cha Maringo Bila Wewe

Mama Rispa,

Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Nikimwambia mume wangu, ataniambia nipumzike. Ofisini wataniuliza ripoti iko wapi. Wewe tu ndiye ungeniuliza, "Ciru, na huyo mtoto alikula?"

Alikula. Nitafika huko.

Tangu tulipokuzika kule kwenu, kiti chako pale ofisi ya watoto amekikalia bwana mmoja mstaarabu, anayependa faili kuliko chai. Si mtu mbaya. Ila kwake yeye, mtoto wa nyumba yenye kipigo hutolewa, hupelekwa kwenye makao ya watoto, basi. Vikao vyako anaviita "ile harambee ya Mama Rispa". Siku ya kwanza nilikasirika, kisha nikacheka, maana wewe mwenyewe ungecheka. Ni kweli ulikuwa unachangisha watu. Ulizunguka mitaa ya Bahati, Kaloleni, mpaka Pipeline na akala zako za matairi za soko la Kariokor, ukimtafutia mtoto mmoja shangazi, mjomba, jirani wa ukuta mmoja. Nami nyuma yako na viatu vya kisigino, miguu inawaka moto. Uliniangalia ukasema, "Hatuendi harusi." Kesho yake ukanipeleka Kariokor kuninunulia akala kama zako, ukabishana na fundi mpaka akachoka.

Nakukumbuka kwa vitu vidogo hivyo. Mahindi ya kuchoma tuliyogawana, wewe ukichukua kipande kikubwa na kusema ni haki ya umri. Na ulivyoanza kila mara na mama mwenyewe, peke yake, kwenye bomba la maji, ukimsaidia kukamua blanketi huku mkizungumza. Akisema hataki kikao, hakuna kikao. Akikubali, baba anahama kwanza, ndipo watu wanaitwa. Ulichukia kuitwa mpatanishi. "Mimi simrudishi mtu kwa mtu," ulikuwa ukisema. "Mimi namtafutia mtoto watu wake." Nimekukosa sana, Mama. Bado nikipita pale kwa mahindi nanunua moja, halafu sijui nimpe nani nusu.

Sasa nikwambie habari za nyumba ya Nekesa, ile uliyoiacha njiani. Mama yake, Nafula, alikuwa amekukubalia kikao. Baba yake, Wafula, alikuwa ameshahamia kwa kaka yake Pipeline. Kilichobaki ni kuwakalisha watu, ndipo ukaugua. Bwana mpya akaniambia nikifanye mwenyewe kabla ya Jumatatu, la sivyo Nekesa na mdogo wake wanakwenda kwenye makao. Niliogopa, sitakuficha.

Tulikaa Jumapili baada ya kanisa, mle mle chumbani kwao Maringo. Alikuwepo Wafula na dada yake, ndiye shangazi wa watoto, anayekaa Kaloleni. Alikuwepo mjomba wake Wafula, mzee wa kanisa. Na Mama Njeri, jirani wa ukuta. Mzee akaomba tufungue kwa sala. Wewe hukumpa mtu nafasi hiyo. Ulikuwa unaomba mwenyewe, sentensi moja, macho wazi, nami nilidhani ni haraka zako tu. Nikamruhusu.

Mama, mzee aliomba. Akamshukuru Mungu kwa ndoa hii. Akamshukuru kwa kumpa Nafula moyo wa kusamehe, kwa kuwa yaliyopita yamepita, na kwa kumrudisha kijana wake nyumbani siku ya leo. Tuliposema amina, shangazi alikuwa ameshashika birika. Kesi ilisikizwa mbinguni na ikafungwa huko huko. Wafula alishusha pumzi akasogeza kiti mezani kama mwenye nyumba. Unawajua watu wetu: ikishaombewa na chai ikanywewa, atakayefungua mdomo tena ndiye mkorofi. Nafula aliinamisha kichwa, na niliona atanyamaza.

Ndipo nikamwona Nekesa, amesimama kando ya kitanda. Macho yake yalikuwa makavu, yamemganda baba yake. Hakuwa ameyafumba sala nzima. Nikaelewa ulikuwa unamtafuta nani kila ulipoomba macho wazi.

"Auntie, hebu chai ingoje," nikasema. "Bado hatujaanza."

"Binti yangu, si tumeshaomba?" mzee akauliza.

"Tumeomba, mzee. Sasa tuseme ni nini tulikuwa tunaombea."

Nikadhani nimeharibu kila kitu. Aliyeniokoa ni Mama Njeri. "Mimi huwa naskia kila kitu," alisema akiangalia sakafu. "Naongezanga redio ndio watoto wangu wasiskie. Sijawahi kubisha mlango wao hata siku moja. Naona aibu."

Baada ya hapo Wafula hakuwa na pa kujificha. Alianza na pombe, akaja kwa foreman wa kiwandani, akaja kwa mdomo wa Nafula. Kila mara nilimrudisha kwa swali lako: "Na mikono yako ilifanya nini?" Hatimaye akasema. Alimtaja Nafula, na alimtaja Nekesa, aliyejiweka katikati akasukumwa ukutani. Dada yake alilia. Mzee hakuomba tena.

Nilipomuuliza Nafula anataka nini, alisema wazi, "Sitaki arudi. Labda siku moja, labda hapana. Watoto wamuone kwa auntie yao, na auntie awe hapo." Shangazi akakubali. Mama Njeri akasema akisikia kitu atakuja mlangoni, na hatakuja peke yake. Wafula akaitikia kwa kichwa, nikamwambia aseme kwa mdomo, akasema. Ndipo nikaruhusu chai. Nekesa alikula mandazi mpaka shangazi akaondoa sahani. Jumatatu bwana wa faili alisoma ripoti yangu, akakuna kidevu, akaandika kwamba watoto wabaki na mama yao.

Jumapili ile nilipotoka kikaoni, Nekesa alinisindikiza mpaka kwenye bomba. Akaniuliza kama nitarudi. Nikamwambia, Jumamosi.

"Hata yule mama mwingine alisema atarudi," akasema.

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba umefariki, Mama. Alikuwa bado anakungoja. Nikachuchumaa nikamwambia ukweli, kwamba ulitaka sana kurudi, lakini presha ilikuua. Alifikiri kidogo, akaniuliza kama mimi pia nina presha.

Nilisema sina. Jumatatu nikaenda kupimwa, nisije nikawa nimemdanganya mtoto. Sina, Mama.

Kesho ndiyo Jumamosi. Basi lala salama, mwalimu wangu. Nakuahidi nitakwenda, na ile nyingine nitakwenda, na inayofuata, mpaka siku Nekesa atakapoacha kuniuliza kama nitarudi.

Wako,
Ciru